Kutumia na Kutaja Kazi za Wengine katika Utafiti wa Mwanafunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila msimu wa tasnifu, kwa anayeandika insha yake ya kwanza na kwa anayesubiri kutetea uzamivu. Nyuma ya mengi kati yake kuna jambo moja: msomaji ajue, kila sentensi, ni nani anayesema, na akitaka kuhakikisha aikute njia ya kumfikia. Kanuni za nukta na mabano ni muhimu, lakini zinatumikia hilo.

## Misingi

1. Kwa nini nitaje chanzo ikiwa jambo nimelielewa na ninalieleza mwenyewe?

Kuelewa wazo hakulifanyi kuwa lako. Kila dai katika tasnifu lina mtu anayeliwajibikia. Ukitaja chanzo, unamwonyesha msomaji aliyelipima, aliyelihesabu au aliyeliwaza kwanza. Usipotaja, mwenye kuwajibika ni wewe, na siku ya utetezi mtahini akiuliza takwimu zilipatikanaje utakosa la kusema.

Iko faida nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Marejeo yaliyowekwa vizuri ndiyo yanayoacha mchango wako uonekane: msomaji akishajua yapi yalisemwa na waliokutangulia, yaliyobaki anajua ni yako. Tasnifu isiyotaja watu hufanya hata wazo zuri la mwanafunzi mwenyewe litiliwe shaka.

2. Wizi wa kitaaluma ni nini hasa? Lazima niwe nimekusudia?

Ni kuwasilisha maneno, mawazo, data, michoro au hata mpangilio wa hoja wa mtu mwingine kana kwamba ni vyako. Kunakili aya nzima ni sura yake moja tu. Kumlipa mtu akuandikie sura, kutafsiri makala ya lugha nyingine bila kusema, kuchukua orodha ya marejeo ya mwenzako na kujifanya umeyasoma yote: haya nayo yamo.

Kusudio huamua ukali wa adhabu, si kuwapo kwa kosa. Wala muda haulifuti. Annette Schavan alikuwa Waziri wa Elimu na Utafiti wa Ujerumani pale Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilipomvua, Februari 2013, shahada ya uzamivu aliyoipata mwaka 1980. Alikana kuwa alikusudia kudanganya, lakini siku chache baadaye alijiuzulu. Miaka miwili kabla, Karl-Theodor zu Guttenberg aliacha uwaziri wa ulinzi wa nchi hiyo hiyo kwa suala la namna hiyo.

3. Kuna tofauti gani kati ya wizi wa kitaaluma na kuvunja hakimiliki?

Wizi wa kitaaluma ni suala la uaminifu: nani amesema. Hakimiliki ni suala la sheria: nani ana ruhusa ya kunakili. Shakespeare alifariki mwaka 1616 na hakuna anayemiliki maandishi yake, lakini ukiweka mistari yake katika insha bila kumtaja umeiba. Kwa upande wa pili, ukichapisha upya sura nzima ya kitabu kilichotoka mwaka jana, hata ukimtaja mwandishi vizuri kabisa, utakuwa umevunja hakimiliki.

Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, unalinda kazi bila kudai isajiliwe, na kwa kawaida kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Nchi nyingi zimefika 70. Mkataba huo huo unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa hadharani kihalali, kwa kiasi kinachohitajiwa na lengo, mradi chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Ndiyo maana nukuu fupi ndani ya tasnifu kwa kawaida haihitaji barua ya ruhusa. Picha na dodoso ni habari nyingine (tazama maswali ya 18 na 19).

4. Ni mambo gani hayahitaji chanzo?

Yale ambayo msomaji wa fani yako anayajua na hakuna anayeyabishia: maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari, Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Vilevile matokeo uliyoyapata mwenyewe na maoni yako. Lakini ukieleza kwa nini vita ile ilianza, umeshaingia katika mabishano ya wanahistoria na unatakiwa kusema unamfuata nani. Takwimu huhitaji chanzo daima, maana hutegemea aliyezihesabu na alivyozihesabu.

Ukiwa na shaka, taja. Rejeo la ziada msimamizi atalifuta kwa kalamu. Lililokosekana linaweza kukufikisha mbele ya kamati ya nidhamu.

## Kusoma na kuandika mihtasari

5. Nifanyeje nisije nikachanganya maneno yangu na ya mwandishi?

Hapa ndipo penye shina la matatizo mengi, na ndipo ninapowasihi wanafunzi watumie muda. Wanaokusudia kuiba ni wachache. Walio wengi walinakili aya kwenye faili la mihtasari, wakairudia miezi kadhaa baadaye wakati wa kuandika, wakadhani ni maneno yao wenyewe.

Dawa yake ni kuwa na alama zisizobadilika. Maneno yoyote uliyoyatoa katika chanzo yalivyo yawekee alama za kunukuu papo hapo, pamoja na namba ya ukurasa, kabla hujafunga kitabu. Muhtasari wa maneno yako uandike bila alama hizo, ila nao uwe na ukurasa. Wazo lililokujia wewe ukiwa unasoma litangulizwe na neno YANGU, au liandikwe kwa rangi nyingine. Ukurasa wako wa mihtasari utafanana na huu (Fulani na utafiti wake nimewatunga kwa mfano):

Fulani 2018, uk. 44: "Wanafunzi waliosoma kwa vikundi walikumbuka zaidi baada ya wiki moja, ingawa siku ya kwanza hawakuwazidi waliosoma peke yao."
Fulani 2018, uk. 46: vikundi vilikuwa vya watu wanne, vilichaguliwa kwa bahati nasibu.
YANGU: vipi kama wangechaguana wenyewe? Liingie sura ya tatu.

Mistari mitatu, sauti tatu, na hata ukirudi mwaka ujao hutazichanganya. Na usibandike kamwe maandishi ya mtu ndani ya faili la tasnifu yenyewe kwa kujiambia kwamba utayarekebisha baadaye. Baadaye hiyo ndiyo inayowaponza watu.

6. Je, ninaweza kutaja kazi ambayo sijaisoma, niliyoikuta imetajwa ndani ya nyingine?

Inawezekana, lakini iwe pale tu ambapo kazi ya asili haipatikani: kitabu kimeadimika, au kiko katika lugha usiyoisoma. Hapo useme ukweli ulivyo: "Fulani (1962), kama alivyonukuliwa na fulani mwingine (2015)". Kwenye orodha ya marejeo weka ile uliyoishika mkononi, yaani ya 2015.

Hasara ya kuruka hatua hii inaonekana katika kisa cha spinachi. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba mboga hii ilipata sifa ya kuwa na madini mengi ya chuma kwa sababu wanasayansi wa Kijerumani wa karne ya 19 walikosea nukta ya desimali, kiwango kikakuzwa mara kumi. Mwaka 1981 T. J. Hamblin alikiandika kisa hicho katika British Medical Journal bila kutaja alikokipata, na waliokuja nyuma wakamnukuu. Mwaka 2010 Mike Sutton alifuata nyayo kurudi nyuma na hakuona ushahidi wa kosa hilo la nukta. Mwaka 2014 Ole Bjørn Rekdal akakitumia kuonyesha jinsi uvumi unavyogeuka ukweli wa kitaaluma kwa sababu watu wananakili marejeo ya wenzao badala ya kusoma. Kinachouma zaidi ni kwamba kisa chenyewe kilikuwa kikitolewa kama onyo dhidi ya kutohakiki.

Kwa hiyo ukikuta dai linalokufaa ndani ya makala, nenda lilikotoka. Mara nyingi utakuta mwandishi wa kwanza alisema jambo dogo kuliko linalodaiwa, au alilisema kwa masharti ambayo yamedondoka njiani.

7. Nimesoma ikisiri tu, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwa makala. Naweza kuitaja makala?

Ikisiri inatosha kukuambia kama makala inakufaa. Haitoshi kuwa ushahidi, maana mara nyingi haikuelezi kwa kina walioshiriki ni akina nani na mwandishi mwenyewe aliona mipaka gani. Kama makala kamili imefungwa kwa malipo, mwone mkutubi, tafuta nakala ambayo mwandishi ameihifadhi katika hazina ya chuo chake, au mwandikie barua pepe. Wengi hutuma bila kinyongo.

8. Vipi kuhusu Wikipedia, slaidi za mhadhiri na vitini?

Ni mahali pazuri pa kuanzia. Soma ili upate ramani ya mada, kisha fuata marejeo yaliyoko chini ya ukurasa mpaka kwenye kitabu au makala yenyewe, uisome, uitaje hiyo. Slaidi za mhadhiri zitaje pale tu unapotumia wazo lake mwenyewe ambalo hakulichapisha popote.

## Kunukuu na kueleza kwa maneno yako

9. Ninukuu neno kwa neno lini, na lini nieleze kwa maneno yangu?

Nukuu pale ambapo maneno yenyewe ndiyo ushahidi: fasili unayoichambua, kifungu cha sheria, mstari wa shairi, kauli ya mtu unayetaka kumpinga na hutaki aseme umempindisha. Kwengine kote eleza mwenyewe. Tasnifu iliyojaa nukuu inamficha mwandishi wake, na mtahini huanza kujiuliza kama mwanafunzi alielewa alichokiweka.

Nukuu ndefu ina umbo lake. Katika APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo (tazama swali la 14), maneno 40 na zaidi hutolewa nje ya aya, yakasogezwa ndani, bila alama za kunukuu. Mtindo wa MLA hufanya hivyo nathari inapozidi mistari minne. Baada ya nukuu ya namna hiyo usikimbilie hoja nyingine. Sema inaonyesha nini. Nukuu isiyochambuliwa haijafanya kazi yoyote.

10. Nikibadilisha maneno machache na kuweka jina la mwandishi, si inatosha?

Haitoshi. Tuchukue ile sentensi ya Fulani katika swali la 5. Mwanafunzi anaandika:

*Wanafunzi waliojifunza katika makundi walikumbuka mengi zaidi baada ya siku saba, japokuwa siku ya mwanzo hawakuwapita waliojifunza wenyewe (Fulani, 2018).*

Jina lipo, lakini mifupa ya sentensi ni ya Fulani. Kilichofanyika ni kubadilisha visawe: vikundi ikawa makundi, wiki ikawa siku saba, ingawa ikawa japokuwa. Msomaji anadhani muundo huu ni wako, kumbe sivyo. Linganisha na hii:

*Faida ya kusoma pamoja huenda ikachelewa kuonekana: katika jaribio la Fulani (2018, uk. 44), waliosoma kwa vikundi hawakuwa mbele siku ile ile, ila walitangulia wiki moja baadaye.*

Hapa mwanafunzi ameanza na hoja yake, akamleta Fulani kama shahidi, na msomaji anaona mpaka kati yao. Angalia pia kwamba hakuandika "siku ya kwanza walikuwa sawa". Fulani alisema hawakuwazidi wenzao. Huenda walikuwa nyuma. Kueleza kwa maneno yako hakukupi ruhusa ya kuongeza lisilosemwa.

Njia inayosaidia ni hii: soma kifungu mpaka ukielewe, kifunike, mweleze mwenzako kwa mdomo au andika bila kukitazama, kisha kifunue ulinganishe. Kama kuna kipande cha maneno kilichojirudia na huwezi kukiacha, kiwekee alama za kunukuu.

11. Naweza kukata au kurekebisha maneno ndani ya nukuu?

Kukata unaweza, ukiweka nukta tatu mahali ulipokata. Neno unaloliongeza ili sentensi isomeke liweke ndani ya mabano ya mraba. Ukikoleza wino au kulaza herufi, andika "mkazo wangu". Kosa la tahajia la mwandishi liache lilivyo, na kama litamchanganya msomaji ongeza [sic], yaani "ndivyo lilivyoandikwa". Usichoruhusiwa ni kukata neno "si" au "huenda", hata kwa nukta tatu. Hapo umembadilishia mtu kauli.

12. Chanzo kiko katika lugha nyingine. Nikikitafsiri, ni nukuu au ni maneno yangu?

Ukitafsiri sentensi kwa sentensi, mawazo na mpangilio bado ni vya mwandishi, kwa hiyo mtaje na useme "tafsiri yangu". Mitindo haikubaliani kuhusu alama za kunukuu hapa: APA huihesabu tafsiri yako kama maelezo kwa maneno yako, haitaki alama. Mingine huzitaka. Fuata mwongozo wako. Pale ambapo neno moja la asili linabeba hoja yote, liache kama lilivyo kando ya tafsiri ili msomaji apime mwenyewe. Katika orodha ya marejeo andika jina la kazi katika lugha yake ya asili.

13. Aya yangu nzima inatokana na chanzo kimoja. Niweke rejeo mara ngapi?

Rejeo moja mwishoni mwa aya ya sentensi nane halitoshi, maana msomaji hajui linaanzia kufunika wapi. Mtaje mwandishi katika sentensi ya kwanza, kisha muweke hai kwa maneno ya kawaida: "anaendelea kusema", "katika jaribio la pili aliona". Ukiingiza maoni yako katikati, onyesha kuwa umebadili msemaji. Na kama sura nzima inamtegemea mtu mmoja, tatizo si mabano tena, ni usomaji. Rudi maktaba.

## Kuandika marejeo

14. Nitumie mtindo gani?

Ule uliowekwa na idara yako au jarida unaloliandikia. Kwa ujumla APA umezoeleka katika sayansi za jamii na elimu, MLA katika fasihi na lugha, Chicago katika historia kwa wanaopenda tanbihi, na Vancouver wenye namba katika tiba. Harvard huwasumbua wengi kwa sababu hakuna kitabu kimoja kinachoumiliki: kila chuo kina toleo lake la jina na mwaka. Ukiambiwa "tumia Harvard", omba mwongozo wa chuo chako.

Usihangaike sana kuhusu upi ni bora. Uthabiti ndio unaodaiwa: jina lililoandikwa namna moja ukurasa wa 3 liandikwe hivyo hivyo ukurasa wa 90, na kila jina lililo ndani ya matini lipatikane kwenye orodha. Kazi zenye waandishi watatu na zaidi, APA toleo la saba hutaja wa kwanza na kuongeza "na wenzake" tangu mara ya kwanza.

15. Chanzo hakina mwandishi, tarehe au namba za kurasa. Nifanyeje?

Pasipo na mtu, huenda taasisi iliyoitoa kazi ndiyo mwandishi. Pasipo na taasisi, anza na jina la kazi. Pasipo na tarehe andika h.t., yaani hakuna tarehe. Pasipo na kurasa, mwelekeze msomaji kwa kichwa cha sehemu na namba ya aya. Kwa sauti na video, kwa dakika na sekunde.

Ila jiulize kwanza: kwa nini kazi hii haina mwenyewe wala tarehe? Wakati mwingine jibu ni kwamba haifai kutumika.

16. Nikitaja kitu cha mtandaoni, kiungo kinatosha?

Hapana. Weka mwandishi, tarehe, jina la kazi na mahali kilipo, kisha kiungo. Kama makala ina DOI, tumia hiyo: namba hizi, zinazoanza na 10, zilibuniwa ili ziendelee kumfikisha msomaji kwenye makala hata tovuti ikihama. Kwa ukurasa unaobadilikabadilika andika tarehe uliyousoma, na uhifadhi nakala katika Wayback Machine ya Internet Archive siku hiyo hiyo. Ukisubiri mpaka mtahini aubofye, unaweza kukuta umeshatoweka.

17. Programu za kupanga marejeo zinaaminika?

Zotero, Mendeley na nyinginezo zitakuokolea siku nyingi, na ningemshauri kila anayeandika zaidi ya insha moja aanze nayo mapema. Lakini programu huandika kile ilicholishwa. Kagua herufi kubwa, majina yaliyogeuzwa la kwanza likawa la ukoo, na taasisi zilizokatwa vipande kana kwamba ni watu.

## Picha, dodoso, data na msimbo

18. Nimeipata picha au mchoro mtandaoni. Naweza kuuweka kwenye tasnifu?

Anza na leseni. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, husomeka kwa herufi: BY, mtaje mwenye kazi, NC, si kwa biashara, ND, usiibadilishe, SA, ukiibadilisha itoe kwa leseni ile ile. CC0 ina maana mwenye kazi ameachia haki zake, ingawa katika utafiti bado unamtaja, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 3. Pasipo na leseni yoyote chukulia kwamba haki zote zimehifadhiwa, na uombe ruhusa kwa maandishi, hasa kama tasnifu itawekwa wazi mtandaoni.

Chini ya picha andika jina lake, aliyeitengeneza, ilikotoka, leseni yake na kama umeibadilisha. "Chanzo: Google" si chanzo. Google imekuonyesha mlango tu. Aliyemo ndani ni mtu mwingine. Ukichora upya jedwali au mchoro wa mtu, andika "umetoholewa kutoka kwa" na umtaje, maana wazo la mchoro bado ni lake.

19. Nataka kutumia dodoso lililotengenezwa na mtafiti mwingine.

Wengi hujikwaa hapa. Kuchapishwa ndani ya makala hakumaanishi ni huru kwa kila mtu. Vipimo vingine viko wazi kwa watafiti, vingine vina leseni ya kulipia, na kuna makala za kitabibu zilizoondolewa majaridani kwa sababu watafiti walitumia kipimo bila leseni. Tafuta masharti kabla ya kukusanya data, kwa sababu baada ya hapo hakuna namna ya kurekebisha. Ukikitafsiri au kupunguza maswali, liseme hilo katika sura ya mbinu na ueleze umehakikije kwamba bado kinapima kile kile.

20. Na data au msimbo wa kompyuta wa mtu mwingine?

Vitaje kama unavyotaja makala: aliyevitengeneza, mwaka, jina, toleo, hazina vilikowekwa na DOI ikiwepo. Toleo lina uzito mkubwa, maana data husahihishwa na msimbo hubadilika. Kipande cha msimbo ulichokinakili kiwekee maelezo juu yake yanayosema kilikotoka, na usome leseni yake.

## Ripoti za ulinganifu na akili unde

21. Asilimia ngapi ya ulinganifu inaruhusiwa?

Vyuo vingine vimeweka kikomo, nawe utakifuata. Lakini programu kama Turnitin hupima maneno yanayofanana, haipimi uaminifu. Tasnifu yenye asilimia 25 inaweza kuwa safi, ikiwa zilizofanana ni orodha ya marejeo, nukuu zenye alama na majina ya taasisi. Yenye asilimia 4 inaweza kuwa na ukurasa mmoja ulioibwa mzima. Fungua ripoti, soma kila kilichotiwa rangi, ujiulize: alama zipo? jina lipo? Kubadilisha visawe ili rangi zipungue ni kufanya lile lililokatazwa katika swali la 10, safari hii kwa makusudi.

22. Je, ninaruhusiwa kutumia akili unde, yaani programu kama ChatGPT?

Soma kanuni za chuo na za somo lako, kwa sababu zinatofautiana hata ndani ya kitivo kimoja. Zikiruhusu, tangaza: programu ipi, uliitumia lini, kwa kazi gani, na ulihakiki vipi. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ina msimamo kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika. Basi ikiandika jambo la uongo katika tasnifu yako, mwongo ni wewe.

Ninavyoona, hatari yake kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba inakupa wazo lililokwisha kutenganishwa na mwenyewe. Ikikuambia "watafiti wameonyesha", hujui ni watafiti gani, nawe huwezi kuwatendea haki. Ichukulie kama unavyochukulia ensaiklopidia katika swali la 8.

23. Imenipa marejeo yanayoonekana ya kweli. Niyatumie?

Usitumie hata moja kabla ya kulishika. Marejeo ya kubuni huwa na jina la mtafiti aliyepo, jarida lililopo na mwaka unaoaminika, ila makala yenyewe haipo. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo ChatGPT ilizitunga. Tafuta DOI, fungua jarida, nenda toleo na ukurasa uliotajwa. Ukikuta ukurasa huo una makala ya mtu mwingine, umeshapata jibu.

## Hali zisizo za kawaida

24. Naweza kutumia tena kazi yangu mwenyewe ya zamani?

Ukisema. Insha uliyokwisha kupatia alama haitolewi tena kama mpya, na sura ya uzamili haihamii kwenye uzamivu kimyakimya. Mwombe msimamizi, jitaje kama ungemtaja mtu mwingine, na uonyeshe kipya ni kipi. Kama uliichapisha, huenda haki zake sasa ziko kwa mchapishaji. Soma mkataba uliotia saini.

25. Nimtajeje mtu aliyenieleza jambo kwa mdomo?

Inategemea nafasi yake. Mshiriki wa utafiti uliyemwahidi siri hatajwi kwa jina: mpe namba au jina la bandia. Mtaalamu uliyezungumza naye au kuandikiana naye hutajwa ndani ya matini kama mawasiliano binafsi, pamoja na tarehe. Katika APA haingii kwenye orodha, kwa sababu msomaji hawezi kuyafikia mazungumzo hayo.

Wapo pia wenye maarifa ya mdomo: mafundi, waganga, wasimulizi, wazee wa jamii. Hawa wamenyimwa majina katika tafiti nyingi, wakaitwa "wenyeji" huku mtafiti akipata shahada. Muulize kila mmoja kama anataka kutajwa, kwa jina gani, na kama kuna sehemu ambayo haipaswi kuandikwa kabisa. Jibu lake liheshimu, hata likikupunguzia ukurasa.

26. Makala niliyoitaja imeondolewa na jarida. Niifute?

Kama uliitegemea kwa ushahidi, ndiyo, na uitazame upya hoja iliyosimama juu yake. Kama unaizungumzia yenyewe, ibaki, ila andika wazi kwamba iliondolewa na mwaka. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji iliondolewa na The Lancet mwaka 2010, na anayeitaja leo bila kusema hilo anampotosha msomaji. Kagua marejeo yako yote kabla ya kuwasilisha. Zotero hukuonya kwa kutumia hifadhidata ya Retraction Watch.

27. Nimegundua wazo langu limeshaandikwa na mtu mwingine.

Mtaje, useme mnakutana wapi na mnaachana wapi. Kulifikia wazo peke yako si kosa. Kosa ni kuendelea kama hukumwona.

28. Msimamizi anataka nitaje makala zake nyingi ambazo hazihusiani na mada.

Zisome kwanza, maana huenda ameona uhusiano usiouona wewe. Baada ya hapo mwulize kwa adabu: "Mwalimu, makala hii ungependa iunge mkono hoja ipi?" Swali hilo mara nyingi hulimaliza jambo. Ikiwa shinikizo linaendelea, mratibu wa masomo ya uzamili au kamati ya maadili ndiyo njia, nawe weka kumbukumbu ya maandishi ya mliyozungumza.

29. Nimekwisha kuwasilisha, kisha nikaona kifungu nilichosahau kukiwekea chanzo.

Andika leo, kabla mwingine hajakiona. Barua iwe fupi: ukurasa, aya, chanzo kilichokosekana, na sentensi iliyosahihishwa jinsi inavyopaswa kusomeka. Mpelekee msimamizi na uombe utaratibu wa marekebisho. Kwa tasnifu ambayo haijatetewa kwa kawaida huwa ni kubadilisha ukurasa. Kwa iliyokwisha kuwekwa maktaba, uliza kama chuo kinapokea karatasi ya masahihisho ya kuambatishwa. Kisha pitia sura iliyobaki kwa kutumia mihtasari yako ya swali la 5, kwa sababu kifungu kilichosahauliwa mara nyingi hakiko peke yake, na ni afadhali barua moja itaje vyote.